Mama, Uliyemrudishia Baba Sauti

Mwaka umetimia, Mama, tangu ile alasiri ya Alhamisi ulipotuaga. Cherehani yako bado ipo chumba cha mbele, imefunikwa kwa kitambaa chake cha maua, na futikamba yako inaning'inia kwenye msumari. Hakuna kati yetu aliyethubutu kuitoa.

Wengi wanakujua kama fundi wa nguo. Kwa miaka thelathini na mmoja uliwashonea sare watoto wa mtaa mzima, kisha ukawashonea na watoto wao. Ulikuwa ukizungumza na sindano kama mtu na mkwewe mwenye maringo: "Ingia basi, nani kakukataza?" Mshono ukienda upande, hata kwa upana wa unywele, uliufumua wote. Mteja akikuambia hakuna atakayeuona, ulimjibu, "Mimi nimeshauona. Nitautoaje machoni?"

Lakini leo tunataka kusimulia ule mwaka Baba alipokosa sauti, maana wengine wameusikia nusunusu na wengine wameutia chumvi.

Baba, mwalimu wa hesabu, alipasuliwa koo, na baada ya hapo hakuweza tena kutoa sauti. Hospitali ikampa kifaa kidogo kama tochi ya mkononi. Anakibana shingoni, anabonyeza kitufe, kinavuma, naye anachezesha midomo mpaka mvumo unageuka maneno. Sauti ile ilikuwa kavu, haipandi wala haishuki, lakini ilikuwa yake. Alitutania nayo, akatukaripia nayo, akabishana nayo na msoma habari wa redioni.

Asubuhi moja kikamponyoka akinyoa ndevu, kikagonga sakafu. Kikazima, na Baba akazima nacho.

Hospitali walisema kingine kitaagizwa, kitachukua miezi mitano, labda sita. Wiki ya kwanza Baba alituandikia kurasa nzima kwenye daftari. Wiki ya pili akawa anaandika mstari mmoja mmoja. Ya tatu akalitupa daftari juu ya kabati, akakaa anatazama ukuta. Wenzake wa drafti wakija, alijifanya amelala. Wewe ndiye uliyeling'amua jambo hilo kabla yetu. Ulituita jikoni, mikono yako imejaa povu la sabuni, ukasema kwa sauti ya chini: "Mwalimu anaondoka taratibu, nanyi mmekaa mnamwangalia."

Ulikipeleka kifaa kwa fundi redio wa kona. Akakifungua, akaichungulia bodi yake, kile kibao cha ndani kilichoungwa vipande vya umeme, akatikisa kichwa. "Mama, hiki sijawahi kukigusa. Nikikiharibu, mumeo nitamwambia nini?"

Ukamwambia, "Basi nifundishe mimi. Nikikiharibu mwenyewe, nitajua cha kumwambia."

Alidhani unatania. Hukutania. Alikuazima pasi ya kulehemu, nyembamba kama kalamu, akakaa nawe asubuhi moja tu. Ukaenda duka la vifaa vya ujenzi, ukamwuliza muuzaji mbele ya watu, "Mwanangu, una risasi?" Yule kijana wa watu akarudi nyuma hatua mbili. "Mama, hapa tunauza misumari na rangi, silaha hatuuzi!" Ulipomweleza kwamba unataka waya laini wa kuunganishia vyuma, duka zima lilivunjika mbavu, nawe ukacheka kuliko wote. Tangu siku hiyo mtaani ukaitwa Mama Risasi.

Hukukigusa kifaa cha Baba siku hiyo, wala wiki hiyo. Uliomba redio mbovu, saa za mezani zilizokufa na rimoti zisizo na mwenyewe, ukazifungua juu ya meza ya kulia chakula, dirisha wazi na feni ndogo ikisukuma moshi nje. Mara ya kwanza ulipeleka risasi kwenye ncha ya pasi, ikaangukia mezani tone tone. Ukakumbuka alivyokuonya fundi: upashe moto kile kiungo, na kiungo chenyewe ndicho kiyeyushe risasi. Ulihesabu kwa sauti, moja, mbili, ukaondoa mkono. Kiungo kilichoshika kiling'aa kama tone la maji. Kilichofifia na kuwa na vipele ulikiita uongo, ukakirudia. Uliungua vidole, ukachoma kitambaa cha meza mahali pawili, nasi tukala pembezoni mwa mafundo ya nyaya kwa wiki tatu.

Hapa, Mama, mwanao wa kwanza ameomba tuandike kosa lake. Yeye ndiye aliyekujia siku moja katika wiki hizo, amefura, akakuambia, "Mama, hiyo si cherehani. Ukikiunguza, Baba atabaki bubu."

Hukuinua macho kutoka kwenye lenzi uliyokuwa ukikuzia viungo vidogo. "Na sasa hivi ni nani?" ukamwuliza. Ukaongeza, kwa upole uliomkata zaidi: "Mwanangu, mimi pia naogopa. Ila nikisubiri hofu iishe, baba yako ataisha kabla yake."

Ukakifungua Jumamosi asubuhi, Baba akiwa amekaa mkabala nawe. Ulimtaka awepo. Ulisema ni sauti yake, haiwezi kushonwa mwenyewe hayupo. Ulipitisha lenzi juu ya bodi, mguu kwa mguu wa vile vipande vilivyoungwa, kama unavyokagua pindo, mpaka ukapaona: palipoungwa kile kitufe palikuwa na ufa wa mviringo, mwembamba kama uzi wa buibui. Mshtuko wa sakafu ulikuwa umekitenga na bodi. Hicho tu. Ukamwita Baba atazame. Akatazama muda mrefu, akainua vidole viwili na kuvitenganisha kidogo, kama kuuliza: kitu kidogo hivi?

Ulifyonza risasi kuukuu kwa utepe wa shaba, ukaweka mpya. Ukarudisha betri, na kabla hujagusa kitufe kikaanza kuvuma. Kikavuma, kikavuma, hakisikii la mtu. Risasi ilikuwa imemwagika kidogo ikaunganisha miguu miwili isiyotakiwa kugusana. Ulibonyeza huku na huku, ukapiga mezani, "Nyamaza wewe!" Baba akaanza kucheka. Hakikutoka kitu, ila mabega yalitikisika na machozi yakamtoka, cheko ambalo hatukuwa tumeliona kwa miezi. Akakuchukulia kifaa mkononi, akakibana shingoni, akasema maneno yake ya kwanza:

"Mke wangu, umefungua bomba lisilo na koki."

Ulijibu huku unafuta macho kwa pindo la kanga, "Basi ongea haraka, nataka kulifunga." Na kweli ulimnyang'anya, ukaitenganisha ile miguu, ukamrudishia. Safari hii kilivuma alipobonyeza na kunyamaza alipoachia. Jioni ile Baba alienda mwenyewe kuwatafuta wenzake wa drafti. Walisema alicheza vibaya kwa sababu hakufunga mdomo.

Habari zikafika hospitali. Muuguzi wa wodi ya koo akakuletea wengine wenye vifaa vibovu: kondakta mstaafu, muuza mboga, na mzee mmoja mwenye bustani ya maua aliyekuwa amekaa kimya mwaka na ushei. Muuza mboga alitoka kwako akiita bidhaa zake barabarani hata kabla hajafika sokoni. Si vyote vilifaa. Cha kondakta bodi yake ilikuwa imeungua, nawe hukumdanganya. Ulimwambia, "Hiki kimekufa, tusikidai pumzi." Kisha ukaenda naye hospitali, ukakaa kwenye benchi siku nzima na mfuko wako wa kufuma, ukarudi kesho yake na keshokutwa, mpaka wakamtafutia kingine. Alikuwa si ndugu yako. Tulipokuuliza, ulishangaa swali lenyewe.

Maradhi yalipokulaza hospitalini, hukutuachia nafasi ya kukuhurumia sana. Ulimwambia muuguzi kwamba plagi ya mashine iliyo kando ya kitanda chako imelegea, na ilikuwa imelegea kweli. Baba alikusomea gazeti kila siku, kwa ile sauti kavu isiyopanda wala kushuka, mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakawa wanamwambia, "Mwalimu, ongeza sauti, na sisi tunataka kusikia habari za mpira." Alhamisi ile alikuwa amefika ukurasa wa tatu. Aliendelea kusoma mpaka muuguzi alipomshika bega.

Mama, tumejaribu kuishi ulivyotufundisha. Binti yako amejifunza ile pasi, na anaungua vidole kama ulivyokuwa ukiungua. Kitinda mimba wako anafumua mishono inayomsumbua yeye peke yake. Mwanao wa kwanza amejifunza kuuliza kabla ya kukataza, japo si kila siku.

Tulipomwonyesha Baba maandishi haya, alisema tumeacha lake. Tukamwomba alitamke, nasi tunaliweka hapa kama alivyolisema:

"Leo nimezungumza na daktari wa macho, na fundi wa paa, na mtoto aliyeniuliza sauti yangu nimeinunua wapi. Wote wamenielewa. Kisha nikarudi nyumbani, nikabonyeza kitufe, nikageukia upande wako wa meza."

Unakumbukwa na mumeo, Mwalimu. Wanao watatu, wakwe zako na wajukuu zako watano. Mdogo wako wa kike. Kondakta, muuza mboga na mzee wa bustani, waliotutaka tusiwasahau katika orodha hii. Fundi redio wa kona. Na wote wanaovaa hadi leo nguo zilizopita mikononi mwako.

Pumzika kwa amani, Mama Risasi. Maadamu kuna mmoja wetu anayeweza kutamka neno, jina lako litatajwa nyumbani humu.