Bunduki ya Shavu la Kushoto

Mume wangu, Baba Wankuru,

Tangu tulipokuzika sikai. Watoto wananiletea kiti, wananiambia, "Mama, tulia," nami nakaa kidogo kuwaridhisha, halafu nainuka. Nakwenda zizini ilhali ng'ombe wapo malishoni. Nafungua chungu ambacho hakina kitu. Hata barua hii naiandika nimesimama, karatasi iko juu ya kabati la vyombo. Naandika mstari, natoka nje, narudi. Usinishangae. Wewe ulikuwa ukihangaika na kitu kimoja mpaka kiishe. Mimi nahangaika na vyote kwa pamoja.

Leo nahangaika na ile bunduki. Wanao wanajua uliwahi kuwa mlengaji shabaha, basi. Hawajui ilivyokuwa. Nani atawaambia sasa?

Ilikuwa wakati wa kuhamishiwa vijijini. Wewe ulikuwa askari wa wanyamapori, na katika kikosi chenu hakuna aliyekufikia kwa shabaha, hilo hata waliokuonea wivu walilikubali. Halafu siku moja mko doria, mwenzako aliyetangulia akaachia tawi la mgunga likakurudia usoni, na mwiba ukakuharibia jicho la kulia. Ulirudi kutoka hospitali Musoma umefungwa kitambaa. Ukawa unakaa nje umegeukia ukuta, ili Wankuru asione. Mtoto alikuwa mdogo, akazunguka mpaka mbele yako, akakifunua kile kitambaa, akasema, "Baba, umefinya jicho." Nilidhani utalia. Ulicheka, na mimi ndiye niliyeingia ndani kulia.

Bwana mkubwa wako alikuita ofisini kule Mugumu akakwambia waziwazi: "Marwa, doria ni ya watu wa macho mawili. Nakuweka getini." Ulinisimulia ukiwa unazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ila alikuwa ameongeza neno. Walihitaji mtu wa kufundisha askari wapya kulenga. Kama ungekwenda kwenye mashindano ya mkoa ya kulenga shabaha, ukaonyesha kwamba jicho la kushoto linatosha, angelipeleka jina lako mbele.

"Utapigia bunduki gani?" nilikuuliza.

"Ndogo. Ya shabaha. Risasi zake nyembamba kama penseli."

Baba yako alikuwa amekaa palepale, akatoa kiko mdomoni. "Mura, kijana wangu, wezi wanachukua ng'ombe wetu kila wakipenda, na wewe unatafuta bunduki ya kutoboa karatasi?"

Ulichukua kofia yako, ukatoka.

Bunduki yenyewe haikuwepo. Kilichokuwepo ni mzoga wake katika ghala la silaha pale Mugumu: mbao zimeliwa na mchwa, mtutu una kutu ndani, na pembeni sanduku la vipande vilivyotolewa kwenye nyingine za aina hiyo zilizokufa. Ulipewa ruhusa uchague humo, uunge moja nzima, kwa sharti kwamba chuma chochote kisitoke ghalani. Mbao tu ndizo uliruhusiwa kuja nazo nyumbani.

Na nyumbani penyewe ndipo palikuwa panavunjwa. Tuliambiwa wote tuliotawanyika mlimani tushuke Nyansurura, tujenge kwa mstari kando ya barabara. Majirani wetu walikuwa porini wanakata nguzo. Mimi nina mimba ya Nchagwa, nachimba viazi kabla havijakomaa kwa sababu sijui kama nitarudi kuvichimba. Wewe kila siku Mugumu. Uliporudi jioni moja ukaanza kunieleza habari ya mitutu miwili, nilishindwa.

"Wenzako wanachagua nguzo," nikasema, "wewe unachagua mtutu!"

Ukaniambia, "Nguzo nitakata. Lakini nikikaa getini, Mama Wankuru, nitakufa nikiwa nimesimama."

Sikukuelewa. Niliondoka nikaenda kuchota maji, na mtungi ulikuwa umejaa tayari.

Kesho yake, au keshokutwa yake, nilikuletea chakula kulekule ghalani. Nilitaka nione kwa macho yangu hicho kinachokunyang'anya. Mlikuwa mmetandika blanketi la kijivu juani, vipande vimepangwa, na Mzee Athumani, mtunza ghala, amechuchumaa na kitambaa cha mafuta. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, binti yangu. Njoo umwone mke mwenzio."

Yeye alicheka, wewe ukacheka. Mimi sikucheka.

Lakini nilichuchumaa pia. Mtutu mmoja ulikuwa mwembamba, safi, wa kubebeka. Mwingine mnene kama mchi. Nikasema chukua mwembamba, maana tangu hospitali mikono yako ilikuwa imekwisha nguvu. Ulibisha. Ulisema mzito ukishatulia umetulia, ila mwepesi unafuata kila pumzi ya mtu. Tukabishana mbele ya mzee wa watu mpaka akaingilia: "Jamani, si tuijaribu tu?" Mliifunga mitutu kwa zamu kwenye meza ya fundi, mkaipigia karatasi kule nyuma kwenye kichuguu. Mashimo ya mwembamba yalitawanyika kama watoto waliofunguliwa shule. Ya mnene yalikaa pamoja kama punje kwenye gunzi. Ulinigeukia. Nikakupakulia ugali.

Kwenye kifyatulio ndipo ulipokuwa huelewi wewe. Vilikuwa kadhaa, na wewe ukakipenda kile chepesi kuliko vyote, ambacho ukikigusa tu risasi imekwenda. Mzee Athumani alikibonyeza akatikisa kichwa. Hakutaka kukukatisha tamaa. Mimi nikasema, "Baba Wankuru, wewe huwezi hata kungoja ugali uive. Hicho kitafyatuka kabla hujataka." Uliniangalia kwa lile jicho moja. Ukakirudisha kwenye blanketi, ukachukua kigumu kidogo. Kwa tundu la kulengea hatukubishana. Ulichagua lile dogo la duara, la kuchungulia, kwa sababu ulisema jicho lililobaki peke yake linahitaji dirisha, lisitangetange.

Nilirudi nyumbani peke yangu nikijisema njia nzima. Nilikuwa nimekwenda kugombana, nimetoka nimechagua.

Ikabaki mbao. Vitako vyote vya mbao vya kwenye sanduku vilichongwa kwa shavu la kulia, na wewe sasa ulikuwa mtu wa kushoto. Fundi Salimu pale sokoni, yule ambaye wazazi wake walitoka Pangani, alikuonyesha mvule na mninga. Mvule ulikuwa mpana, mzuri, ila alisema ukweli wake: "Huu bado una maji. Ukija kukauka utapinda na chuma chako chote. Chukua mninga huu, ulikaa darini kwangu mpaka nikausahau." Akakukatia umbo la jumla kwa msumeno. Kuchonga ukaja kuchonga mwenyewe.

Wakati huo tulikuwa tumeshuka. Nyumba mpya ilikuwa na kuta za fito na udongo nusu, juu mbingu. Tulilala chini ya turubai la jirani. Wewe ulikuwa unakandika udongo asubuhi, mchana unachonga, na kila baada ya kukwangua unaliinua lile gogo begani, unalishusha, unakwangua tena, unalitupa, unaliokota. Usingizi ulikuisha. Wangu pia. Hata Wankuru alikuwa anaota anapiga kelele.

Chuma kilikuwa kimebaki ghalani, kwa hiyo palipopaswa kukaa tundu la kulengea ulikuwa umechomeka kijiti chenye kitobo. Mwisho nikakunyang'anya patasi. Nikakwambia simama. Nikakwambia fumba jicho, liweke begani kama unavyotaka, ulaze shavu bila kulilazimisha. Sasa fumbua. Unaona wapi?

"Juu mno," ukasema.

Nikachukua mkaa jikoni nikachora mahali ambapo mfupa wa shavu lako uligusa mbao. Ukakwangua pale. Fumba. Laza. Fumbua. "Bado." Nikachora tena. Mkaa ukakuchafua shavu, ukanichafua vidole, nikakushika uso kuugeuza kidogo na wewe ukauacha mikononi mwangu kama mtoto anayenyolewa. Tangu ule mwiba ulikuwa hunipi uso wako. Nadhani ulisahau. Mimi sikusahau, nikaomba Mungu kazi isiishe upesi.

Halafu ukafumba, ukalaza, ukafumbua, shavu hukuliinua.

"Vipi?"

"Mama Wankuru," ukasema polepole, "shabaha iko hapohapo. Sikuitafuta."

Nimetoka nje kidogo. Nimerudi. Upepo unavuma kutoka mbugani, sijui kama ni mvua.

Siku ya kwenda Musoma kwenye mashindano tulikuwa bado hatujaezeka. Ulisita, hilo nalikumbuka. Ulisimama barabarani na Mzee Athumani, yeye amebeba bunduki katika mfuko wake wa turubai, basi linapiga honi, na wewe unaangalia zile kuta zisizo na paa na wingu lile lilivyotanda. Balozi wetu wa nyumba kumi akakusukuma. "Nenda, mura. Nyasi tutaziweka sisi. Ndiyo maana wametuweka pamoja." Na kweli, wanaume wa mstari mzima walikuja, wengine hata sikuwajua majina, wakaezeka huku mvua ya kwanza inawapiga mgongoni. Niliwapikia uji kwenye sufuria la kuazima.

Nilikuwa nimebeba mzigo wa nyasi za mwisho ulipoteremka kwenye basi. Hukukimbia. Ulikuja unatembea, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Nimekuwa wa pili," ukasema.

Sikujua kama wa pili ni vizuri. Nilikuwa nautazama uso wako.

"Wa kwanza ana macho mawili," ukaongeza, ukacheka, na mimi nikautupa ule mzigo palepale barabarani.

Ndipo ukasema neno lililobaki. Kazi ya kufundisha umepata. Ila si hapa. Ni kule kusini, safari ya siku kadhaa, na familia haiendi kwa sababu hakuna nyumba. Ukaniuliza, "Niende?"

"Tumehangaika hivi, usiende kwa nini?"

Ukaenda.

Nataka uyajue haya, Baba Wankuru, kwa sababu ulipokuwa unakuja likizo nilikuwa nakupikia, sikuwa nakusimulia. Nchagwa alizaliwa ukiwa huko. Wezi walipokuja upande wetu nilijificha na watoto katika shamba la pamba mpaka kelele zikaisha. Baba yako alikufa akiuliza kama umeshafika. Nililima shamba letu, nikalima na la kijiji. Na kila jambo gumu lilipokuja, nilikuwa nalirudia blanketi lile la kijivu. Mimi ndiye niliyekukatalia kifyatulio chepesi. Mimi ndiye niliyechora kwa mkaa. Kila kipande cha kile kitu kilichokuchukua kilipita mkononi mwangu, na ningekuacha na papara zako ungekosa shabaha, ungekaa getini Mugumu, jioni ungerudi nyumbani. Ningekuwa na mume aliyesimama amekufa, kama ulivyosema. Sikujua kipi ni afadhali. Mpaka leo sijui. Ulistaafu, ukarudi, tukalima pamoja, tukazeeka, ulikuwa mtu mwema kwangu, na sikuwahi kukuuliza kama kule ulinikumbuka. Nilijua utasema ndiyo. Neno hilo ni rahisi.

Juzi kwenye matanga walikuja watu uliowafundisha. Wengi wana mvi sasa. Mmoja ni mwanamke, anaitwa Neema, mtu wa Iringa, alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza darasani kwako. Alinisalimia akiwa amepiga magoti, akanishika mikono, akaigeuza akavitazama viganja, mpaka nikaona aibu.

"Ndiyo hii," akasema.

Nikamuuliza ndiyo nini.

Akaniambia kwamba ulikuwa na bunduki moja ya kufundishia, ile uliyohamishwa nayo kutoka Mugumu, ambayo hukumruhusu mtu kuigusa mpaka siku ya mwisho. Siku hiyo uliwapitishia mmoja mmoja, waione. Wakaicheka, maana kitako chake kimechongwa kwa upande usio wa kawaida, wa shavu la kushoto. Nawe ukawaambia, "Msicheke. Nilipoteza jicho, nikapoteza na utulivu. Mke wangu alinishika uso hivi, nikatulia, akapima. Kila ninapolenga, kabla ya risasi kutoka, nahisi mikono yake. Ninyi kila mtu atafute chake cha kumtuliza, la sivyo nimewafundisha bure."

Kila darasa, Neema alisema. Miaka yote.

Nilimwacha pale kwenye mkeka, nikaenda nyuma ya nyumba. Sikulia. Nilikasirika, Baba Wankuru. Kundi baada ya kundi la vijana wa watu, kutoka Iringa, kutoka Songea, wote wanajua, na mimi huku Nyansurura nalima peke yangu sijui.

Ungeniambia mimi. Ningetulia.

Pumzika, mume wangu. Nimeshasema.

Mkeo,
Mama Wankuru