Sanduku Langu Limekwenda Koboko

Arua, 16 Juni 1992

Kwa dada yangu mpenzi Candiru,

Salamu zangu zikufikie huko Kuluva, wewe, shemeji na watoto. Kile kikohozi cha mdogo kimepona? Mimi ni mzima, tena mzima wa kuimba peke yangu nikiosha vyombo, na Kamisi wangu ananicheka. Dada, ndoa ni tamu. Jioni nikisikia baiskeli yake mlangoni, moyo unaruka kana kwamba hatujaonana tangu mwaka jana.

Lakini najua hukuniuliza habari za Kamisi. Uliniuliza habari za mama yake. Basi, alikuja.

Mama Sitti alifika Alhamisi kwa basi la Koboko, na sufuria yake mwenyewe ndani ya kikapu. Sababu unaijua. Tangu harusi amekuwa akisema kwamba msichana Mkatoliki wa Pajulu asilimu kwanza, ndipo yeye atakula chakula chake, maana nani ajuaye sufuria zake zimepika nguruwe gani. Nilimwambia zangu nilizinunua mpya. Akajibu kwamba hata sufuria mpya ina mkono wa mpishi. Akawa anajipikia uani, mimi napika ndani, na Kamisi maskini anakula mara mbili ili asimuudhi mtu.

Jumapili tulikuwa tumewaalika mwalimu Bandara na mkewe, Bi Sivakami, watu wa Sri Lanka wanaofundisha shule moja na Kamisi. Mimi nilijua Wahindi hawali nyama, na hao niliwahesabu Wahindi, basi nikawapikia wote wawili maharage yaliyoungwa kwa simsim, ule ufuta wa kusaga. Kuku, aliyechinjwa na Kamisi mwenyewe, nikamweka upande wetu. Mwalimu akamtazama yule kuku kwa huzuni mpaka mkewe akacheka. Akatueleza kwamba yeye ndiye wa dini ya Kihindu, na nyama hagusi. Mumewe ni Mbuddha, na kuku anamla vizuri sana.

Mama Sitti alikuwa amekaa karibu na mlango na sahani yake. Akaacha kula, akamwambia Kamisi, “Uliza huyu mutu, Mungu yake iko wapi?”

Mwalimu akajibu kwamba Buddha alikuwa mtu, na hakufundisha habari za Muumba wa kuombwa. Alifundisha namna ya kuzima tamaa inayotutesa. Mkewe akasema kwamba kwake yeye Mungu ni mmoja mwenye sura nyingi, na kila asubuhi huweka ua mbele ya mojawapo. Wote wawili wanakubali kwamba mtu akifa huzaliwa tena, na matendo yake humfuata. Lakini hapo hapo wakaanza kubishana. Bi Sivakami alishikilia kwamba nafsi ni ile ile, imehama nyumba tu, mpaka siku itakaporudi kwa Mungu. Mwalimu akasema hakuna anayehama. Ni kama moto tunaouomba kwa jirani, si ule uliobaki jikoni kwake, wala si mwingine kabisa.

Mama Sitti akasema basi nyinyi mtakufa na kurudi papa hapa kuendelea na ubishi huu. Tukacheka sote. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, walipooana nani alifuata dini ya mwenzake. Bi Sivakami akajibu kwamba hakuna, kila mmoja bado anangoja mwenzake achoke. Huku akisema hivyo alichukua paja la kuku, nyama asiyoila yeye, akamwekea mumewe sahanini kwa mkono wake.

Mama Sitti aliuangalia ule mkono. Kisha akanisogezea sahani yake. Nikampakulia kutoka sufuria yangu, akala, akasema chumvi haitoshi. Dada, sijapata kusikia maneno matamu kama hayo.

Sasa nikwambie nililolificha hata kwa Kamisi. Sanduku langu lilikuwa chini ya kitanda, nguo zote ndani. Nilikuwa nimeamua kwamba mama huyu akiondoka bila kula kwangu, nami narudi Pajulu. Nisingeweza kumtazama mume wangu akila mara mbili maisha yake yote. Nilisahau kwamba chumba kile tulimpa mama alale.

Jana asubuhi nilitoka kuchota maji, nikarudi nikakuta nguo zangu zote zimetundikwa kwenye kamba ya chumbani. Mama Sitti alikuwa tayari kwa safari, sanduku langu mkononi. Akasema kikapu chake kimechanika, analiazima, na atalirudisha siku atakayokuja kumwogesha mjukuu. Kamisi akamwuliza mbona anachukua sanduku la mke wake. Akamjibu kwamba mke wake hana safari.

Nisalimie wote. Ukipita Pajulu, mwambie mama kitanda changu cha zamani ampe mdogo wetu Andama.

Mdogo wako akupendaye,
Ayikoru