Video Mbili za Kipa Wangu

Mwanangu Vaileti,

Jana Mwalimu Deo, yule mwalimu wako wa michezo, alipita hapa nyumbani Kiberege. Akakaa, akanywa uji wa watu, na kikombe kilipoisha ndipo akanitolea habari ya goti lako, uliyomwambia yeye ukanificha mimi. Kwa hiyo nimeshajua. Kumbe ndiyo maana ukipiga simu kutoka huko chuoni unanionyesha uso tu na theluji ya dirishani, eti, "Mama, mimi mzima, nakula vizuri." Haya. Sikugombezi. Au nakugombeza kidogo, halafu basi.

Unakumbuka tulivyohangaika kuitafuta hiyo nafasi? Kocha wa huko alitaka akuone ukidaka mechi nzima, toka filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, ndipo chuo kikufadhili usome na kucheza. Mimi na ujuaji wangu nikasema hilo la video niachieni. Miaka yote niko kwenye kamati za harusi, nani asiyemjua Nikodemu wa Ifakara, mpiga video? Nikamleta uwanjani na kamera yake kubwa. Tena nikamwonya, "Usimsahau mgeni rasmi, diwani atanuna." Loo! Nikodemu akamchukua diwani akishuka kwenye gari, diwani akiwapa mikono wachezaji, diwani akinywa maji. Mpira ulipoanza akakimbilia goli la wenzenu kufuata mabao, na wewe uko goli la huku. Alipoihariri akatia na nyimbo za kwaya. Mwishoni ukatokea umesimama na glavu zako, maua mekundu ya kompyuta yanakudondokea kichwani, kama bibi harusi anayesubiri kona.

Kocha alijibu kistaarabu. Mwalimu Deo akatusomea: muziki ameupenda, ila kipa hajamwona. Mwalimu akacheka, nami nikacheka. Wewe hukucheka. Ulisema, "Mama, hii haikuwa harusi," ukaingia ndani. Nilitamani ardhi ipasuke. Siku za kutuma maombi zilikuwa zimebaki chache, na nilijua ukiikosa nafasi hiyo umeikosa kwa sababu yangu.

Ndiyo maana mechi ya Mlimba nikasema narekodi mwenyewe. Tukapanda treni pamoja, na njia nzima hukunisemesha sana. Mwalimu Deo akanipandisha juu ya tela la trekta karibu na goli lako, akanipa simu yake pamoja na masharti: nisiongee, nisizime, kocha hataki video iliyokatwakatwa. Jua lile, mwanangu! Kina mama wa Mlimba wananiuliza, "Mama, hushuki unywe maji?" Mimi kimya kama mtawa. Mapumziko watu wakalisukuma tela mpaka goli la pili, mimi juu, simu inaendelea.

Halafu yule mshambuliaji wao mrefu akakupiga kiwiko cha uso. Ukaanguka. Damu niliiona kwenye kioo cha simu kabla sijaiona kwa macho yangu. Ukainua kichwa ukatazama kwenye tela. Ulinitazama mimi, Vaileti. Na mimi nikaendelea kurekodi. Sikushuka, hata pole sikukupa, nawaza tu kwamba kocha hataki video iliyokatwa. Ukainuka mwenyewe, ukafuta mdomo kwa glavu, ukadaka hadi mwisho.

Kocha aliandika kwamba pale ulipoinuka ndipo alipoamua kukuchukua. Tulivyofurahi! Watu wakanipigia vigelegele, eti mama shujaa. Mimi nikawa nacheka nao, lakini tangu siku ile kuna swali najiuliza na sijawahi kukwambia. Mama gani anamwona mwanawe anavuja damu, yeye anaishika simu vizuri zaidi isitikisike?

Nisamehe, mwanangu. Naona siku ile nilikufundisha vibaya. Ulijifunza kwamba ukiumia sisi tunatazama tu, na wewe kazi yako ni kuinuka tusije tukaharibikiwa. Sasa goti limevimba, umenyamaza, unalichezea hivyohivyo kwa kuogopa watakunyang'anya nafasi urudi mikono mitupu, watu waseme. Waache waseme! Hapa Kiberege kuna nani asiyesemwa?

Mwambie kocha ukweli. Mwonyeshe daktari panapouma, usimpunguzie hata kidogo. Wakikuacha usome bila kudaka, soma. Wakikurudisha, rudi. Nitakuja kukupokea mwenyewe, na kama hutaweza kutembea nitakubeba mgongoni, nimeshakubeba sana. Nilikuwa mama yako kabla hujadaka mpira hata mmoja.

Jumapili nikitoka misa nitakaa na simu mkononi. Unipigie. Hata shikamoo iache, utanipa siku nyingine. Anza na goti.

Mimi mama yako,
nakupenda.