Kondoo wa Rangi Nyekundu

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Wewe na Baba hamjambo? Na goti lako, limepoa au bado linakunyima usingizi? Huku kwetu sote wazima, na mkweo anakuamkia. Najua umeninunia kwa ukimya wangu. Nisamehe, Mama, kulikuwa na jambo lililonikaba roho. Limekwisha, na leo nakuandikia huku nacheka peke yangu.

Kazi yangu bado ni ileile ya kulisha kondoo wa bosi wetu, yule tunayemwita Mkono wa Birika akishageuza mgongo. Hapa kila kondoo jike hupakwa rangi mgongoni. Wenye mimba hupakwa ya bluu, wakakaa zizi la nyuma na kula majani makavu mpaka wakaribie kuzaa, maana bosi anasema hawatoi maziwa wala hawauziki, sasa wadekezwe kwa lipi? Vikongwe walioacha kuzaa hupakwa nyekundu, wakanenepeshwa kwa pumba na mashudu kabla ya kwenda buchani.

Basi bosi akanunua rangi ya bei poa. Mvua ya kwanza tu, migongo yote ikabaki mitupu! Nikamwomba tumwite daktari wa mifugo awapime matumbo. Akaniambia kondoo ni wake, anawajua kwa sura, na hatamlipa mtu kumwonyesha mali yake mwenyewe. Akashika brashi akawapaka yeye. Nikamwambia kwamba wale anaowapa nyekundu wengi wana mimba. Akaniambia nishike ndoo yangu.

Nikashika ndoo. Miezi ile ya katikati ya mimba, wale wa nyekundu walikula mashudu kama wana wa mfalme, na wenzao wa bluu wakaendelea kutafuna majani makavu. Siku mwenye bucha alipokuja kununua, alimpapasa wa kwanza tumbo, wa pili, wa tatu, kisha akaangua kicheko akisema yeye anauza nyama, hajafungua wodi ya wazazi. Akaondoka mikono mitupu.

Unadhani lawama zilimwangukia nani? Mimi! Bosi aling'aka kwamba nimempotezea mashudu yake kwa uzembe. Nilipomkumbusha kuwa nilisema, ndipo nikatia petroli kwenye moto. Akatoa hukumu: tungoje wazae, na wanakondoo wao wasipowazidi wale wa bluu, nikusanye mabuti yangu niende. Mama, nililia nyuma ya ghala mpaka pua ikaziba.

Aliyenipa moyo ni yule daktari wa mifugo, niliyemwendea mwenyewe bila bosi kujua, mama mmoja mwenye maneno ya haraka na karanga mfukoni. Alinieleza kwamba nyuzi za misuli hufumwa tumboni, hasa miezi hiyo ya katikati. Mama akishinda na njaa wakati huo, mtoto hufumiwa nyuzi chache. Akishazaliwa zitanenepa tu, haziongezeki, hata umlishe mpaka atapike. Nilimrudisha kwenye maneno hayo mara nyingi hadi akaniuliza kama nina mtihani.

Wakaanza kuzaa. Baba wa wote ni dume mmoja, lakini lo! Wa bluu walitoa watoto wenye miguu kama njiti za kiberiti. Wa nyekundu walitoa vibonge wenye migongo mipana na mapaja ya kushikika. Bosi aliwabonyeza mmoja mmoja, akaenda zizi hili, akarudi lile. Kesho yake namsikia anamweleza jirani kwamba mpango ule aliubuni mwenyewe! Nikashika ndoo yangu. Sasa kila mwenye mimba anapata mashudu, na kazi yangu iko palepale.

Sasa Mama, kaa chini. Siku bosi aliponitishia kunifukuza, nilikuwa na mimba. Mkweo karakana yao ilikuwa imefungwa, hana kazi, na tulichokula ni mshahara wangu tu. Kila daktari aliposema miezi ya katikati, mimi nilikuwa naihesabu yangu kimoyomoyo, nikijiuliza nikifukuzwa mwanangu atafumwa kwa chakula gani. Sikukuandikia kwa sababu nakujua, ungeuza kuku wote na kitanda juu yake.

Usihofu, nakula. Mayai, maharage, samaki, na mkweo, aliyekwisha kurudi kazini, hanyanyuki mezani mpaka aone sahani yangu imebaki nyeupe. Bosi naye tumbo alipoliona, alisimama akanitazama weee, akauliza ni mwezi wa ngapi. Nikajua nimekwisha. Kumbe! Alikataza nisiinue gunia tena, na kila asubuhi naletewa kikombe cha maziwa kutoka nyumbani kwake, bure, Mama, Mkono wa Birika huyo! Eti hataki mtoto atoke kwenye shamba lake na miguu ya njiti.

Nisalimie Dada na wanawe. Baba mwambie polepole, akishashiba. Halafu funga mizigo uje, maana nakutaka hapa siku hiyo, na mjukuu wako ananipiga mateke mpaka kalamu inaruka.

Mimi kitindamimba wako