Hukumu ya Cherehani Imefika Shambani Kwako

Yohana,

Ni mi, Fundi Idi. Barua hii naiandika kwa mukono wangu, sikuomba karani. Kama herufi zimelala usicheke, we mwenyewe ulikuwa unaweka kidole tu kwa wino. Nimekaa, nimesimama, nimefika mulangoni mara ine, nimerudi. Kalamu inanikataa. Lakini nani alishawahi kunishinda mi hapa Gisenyi?

Tangu tulipokuzika, kahawa yako ya Nyamyumba imezaa mara moja, na aliyeichuma ni Rukara. Rukara yuleyule jirani uliyemupa shamba alitunze miaka ile yote miguu yako ilipovimba. Sasa anasema shamba ni lake. Amemushitaki muke wako, Mama Karoli, kwa tribinali ya shefu, baraza la chifu. Na unajua amesimama juu ya nini? Juu ya hukumu yangu.

Ile ya cherehani. Hamisi aliniachia cherehani yake akaenda Kongo kwa kazi ya migodi, akarudi kisha miaka saba, mi nikakataa kumurudishia. Wazee wa tribinali wakasema: mwenye kitu akinyamaza miaka mingi, na mwingine akakitunza, basi ni cha yule aliyekitunza. Karani akaandika kwa kitabu kikubwa. Yewe, nilitembea kama bwana arusi! Kila mutu aliyekuja kupimwa suruali alisikia hukumu yangu kwanza. Rukara naye alikuja kupimwa. Alikaa kwa kiti yangu asubuhi nzima, akaniuliza polepole: "Fundi, na kama si cherehani?" Nikamujibu kwa sauti, njia nzima isikie: "Kitu ni kitu!"

Bon. Kwanza hukumu ikaenda Rubona, wakaamulia kesi ya mutumbwi. Nikafurahi. Kisha ikaamua mbuzi aliyezalia kwa jirani. Nikasema, muone, hukumu ya Idi inatembea mbali kuliko Idi mwenyewe. Sasa imefika shambani kwako. Juzi nilikwenda kuwaambia wale wazee kwamba shamba si cherehani, halina mukanda, halina pedali. Mukubwa wao akanitazama: "Muzee Idi, si ni we ulisema kitu ni kitu?" Watu wakacheka. Kunicheka mi!

Mama Karoli hakucheka. Njiani aliniuliza neno moja tu: "Shemeji, nitalima wapi?"

Nikamusindikiza hadi kwake, nikarudi kutafuta kalamu.

Yohana, we peke yako unajua. Hamisi hakunyamaza. Alituma neno mara mbili kwa dereva wa kamyo: munitunzie cherehani, nitarudi. Ulikuwa umekaa pale kwangu, unasikia. Siku ya kesi niliapa sikupata neno lolote, na we ukatazama chini. Tulipotoka ulisema tu, "Fundi, kinywa yako iko na uzi murefu," ukaninunulia muhogo wa kuchoma. Nilikukasirikia siku tatu. Muhogo niliula.

Donc, basi, Alhamisi narudi pale tribinali. Nitasema mbele ya wote kwamba Hamisi alituma neno, na mi niliapa uongo. Wakiifuta ile hukumu, Rukara hana pa kushika. Cherehani itaondoka, Hamisi iko Goma, watu wamemuona. Mikono hii iliyoshona makoti ya mashefu watatu itarudi kwa sindano ya mukono. Na wakinifunga, gereza litapata mufungwa mwenye suruali iliyonyooka kuliko ya mulinzi wake.

Usifikiri naogopa. Nimesimama tena, ni hewa tu natafuta.

Ahadi yangu ni hii: nitasema yote, hata watu wakicheka, na sitatoka pale kabla karani hajaandika kwa kitabu kilekile. We lala, rafiki yangu. Kwaheri ya leo ni nzito, sijui kuiandika muzuri.

Sijawahi kushindwa kesi, unajua. Hii nakwenda kushindwa kwa kupenda, na hakuna mutu Gisenyi nzima atakayeshindwa vizuri kama mi.

Fundi Idi