Uso wa Shangazi Agnetha

Oliva, uko? Nimetoka kwa shangazi Agnetha sasa hivi.

Vijana wameipata ile filamu yake ya mwaka tisini na sita. Wameicheza kwenye simu hapo hapo uani, mbele yake!

Si unakumbuka wale watu wa video waliokuja Ifakara? Walipiga picha mashambani Katindiuka, eti hadithi ni ya mwaka elfu mbili mia moja, mvua zimekwisha, wanawake wanawindwa. Shangazi walimvisha makaratasi ya kung'aa na mipira ya baiskeli. Siku ya mwisho mwongozaji akamwambia avue. "Miaka hiyo hakuna nguo." Akamjibu, "Basi anza wewe," akaenda zake nyumbani.

Wakampiga picha msichana mwingine akiwa uchi, wakaunganisha na picha za uso wake. Uso wa shangazi, Oliva! Mwili si wake! Kibanda cha video kikajaa watu, na babu, baba yake mzazi, hakumsemesha tena mpaka anakufa.

Leo nilitaka kuwanyang'anya simu. Shangazi akanizuia, sauti imechoka kabisa. Akaitazama filamu mpaka mwisho.

"Yule msichana sijawahi kumjua hata jina," akasema. "Na yeye alikuwa na baba."