Vema Kumi na Saba

Mlola, Lushoto
13 Desemba 2024

Rafiki yangu Modesta,

Salamu nyingi kutoka huku baridini. Habari za tangu tuachane, na habari za joto la Magoma? Naomba Mungu barua hii ikukute ukiwa na afya, shangazi yako pia, na lile jino lake liwe limeshang'olewa. Mimi ni mzima. Mama naye ni mzima isipokuwa mgongo, na karoti anazipalilia hivyo hivyo. Mvua ipo ya kutosha. Barabara ya kwenda Lushoto inateleza kama ulivyoiacha.

Barua hii nimempa Bi Rukia, jirani yetu, ambaye huja Magoma kila wiki kununua mahindi. Nimeona niandike kuliko kupiga simu ya shangazi yako. Unanijua. Ningekusalimu, halafu ningenyamaza mpaka salio liishe.

Tulimaliza mtihani wa kidato cha nne wiki ya mwisho ya Novemba. Wasichana walilia getini. Jenoveva alilia mpaka akashikwa na kwikwi, kisha akafuta uso na kuuliza kama kuna mtu amebakiza sabuni ya kufulia. Matroni alikagua magodoro moja moja akasema hajawahi kuona watu wazima wanaochana magodoro namna ile. Kwenye mahafali nilipewa zawadi ya mwanafunzi bora wa Historia, kamusi kubwa. Nilipanda jukwaani, nikaipokea, nikashuka. Mama anasema nilitembea kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi.

Barua yako ya Oktoba niliipata, nikaisoma mara tatu. Uliandika kwamba shule ikifunguliwa Januari, mkiingia kidato cha nne, mtaandikisha tahasusi mnazotaka kusoma kidato cha tano, na kwamba hutachagua yoyote yenye Historia, kwa sababu Sir Stephano, aliyetufundisha Historia, alikwambia wewe ni mdomo tu, na umeamini ni kweli. Ni kwa ajili ya maneno hayo nakuandikia. Nitaanza na mambo unayoyajua, kwa kuwa nataka yakae kwa mpangilio.

Tulipoingia kidato cha tatu Sir alibandika ukutani karatasi ya manila yenye masharti ya somo lake. Mtihani alama sabini, kazi za nyumbani kumi, daftari safi tano, kuchangia darasani kumi na tano. Kazi iliyochelewa ilipata nusu. Mwaka uliotajwa bila sababu haukuhesabiwa. Aliyemcheka mwenzake akiongea alifagia ofisi ya walimu. Sir alisema Historia ni kutoa hoja na kuitetea, na kwamba yeye hana namna ya kujua kilichomo kichwani mwa mtu asiyefungua mdomo. Mtihani ulikuwa kwa Kiingereza, lakini kujadili alituruhusu kwa Kiswahili. Hoja moja yenye sababu ilikuwa vema moja, na vema mbili zilikuwa alama moja.

Alitaka mtu wa kushika daftari la vema, kwa sababu yeye husikiliza huku anaandika ubaoni, mgongo kwetu. Shabani alijitolea, darasa zima likaguna kwamba huyo atajijazia mpaka jalada. Ndipo Sir akasema apewe Mwanahamisi, huyu ambaye hata kikohozi chake hatujawahi kukisikia. Watu walicheka na hakuna aliyefagia ofisi siku hiyo. Nawe ulicheka, kisha ukanipiga begani ukaniambia hongera karani.

Tulikaa dawati moja, mimi upande wa ukuta. Majibu mengi niliyajua kwa sababu Jumamosi na Jumapili nilikuwa nasoma tu, sikuwa na pa kwenda. Siku Sir alipouliza kwa nini Wajerumani walipenda kukaa milimani kwetu, nilikunong'oneza kwamba ni hali ya hewa na mashamba ya kahawa. Wewe ukasimama ukasema hivyo hivyo, ukaongeza kwamba hata mbu wa tambarare walikuwa wamewachoka. Darasa likacheka. Sir akasema vema, nami nikaiweka kwako. Hukuniomba, mimi ndiye niliyeanza. Tukaendelea hivyo muhula mzima, na sikuona shida. Niliona kama naongea.

Muhula wa kwanza ulipoisha Sir alisoma daftari mbele ya darasa. Modesta ishirini na mbili. Mwanahamisi sifuri. Mtihani niliongoza, lakini kwa jumla nikawa wa tisa. Nyumbani kaka Hashimu aliishika ripoti yangu akauliza hii sifuri ni ya nini, kama darasani huwa nalala. Nilimwambia ni ya kuongea. Akasema basi ongea, kuna kazi gani. Mama alimwambia aniache.

Muhula wa pili unaukumbuka. Mwezi wa kumi na mbili Sir alisoma tena, Mwanahamisi kumi na saba, Modesta nane. Wenzetu waligeuka kunitazama, na Sir akasema mnaona, wakimya nao wakiamua wanaweza. Wewe ukasimama ukasema haiwezekani, umeongea kila kipindi mpaka sauti ikakauka. Sir aliniuliza mbele ya wote kama daftari liko sawa. Nikaangalia dawati. Akasubiri kidogo, kisha akakuambia mpaka umemtia aibu mtoto wa watu, kwamba kelele si hoja, na kwamba wewe ni mdomo tu.

Ripoti yako ilitoka na Hisabati ishirini na moja, Historia thelathini na nane. Shule ilikuwa na sharti lake kwamba mwenye masomo mawili chini ya arobaini anarudia kidato cha tatu. Baba yako alikuja kutoka Gare, akapewa kiti ofisini, akakataa kukaa. Alisema mtoto wake hawezi kurudia darasa mbele ya watu waliomcheka. Mliondoka na sanduku lako siku ile ile, ukaenda kurudia kidato cha tatu huko Magoma kwa shangazi yako. Umeniandikia kwamba mpaka leo baba yako hampi Sir mkono kanisani, ingawa wote ni wa Gare na wamekua pamoja, kwa kuwa anaamini Sir alikuonea. Kwa hiyo wewe unaamini huna kichwa cha Historia, na baba yako anaamini Sir ni mtu mbaya. Nyote wawili mmekosea, na mimi nimejua hivyo mwaka mzima.

Modesta, daftari halikuwa sawa. Baada ya maneno ya kaka Hashimu niliamua kwamba jibu nililokunong'oneza mimi, vema yake ni yangu hata kama mdomo ni wako. Niliona ni haki. Kila uliposimama na jibu langu niliweka vema kwenye mstari wangu, na Sir hakujua, kwa sababu aliangalia ubao na alichosikia ni sauti tu kutoka dawati letu. Hizo zilikuwa kumi na moja. Sikukwambia, na hilo peke yake lingetosha kuwa kosa. Lakini nilizo nazo ni kumi na saba. Sita zilizobaki hazikuwa zangu kwa njia yoyote. Zilikuwa zako.

Moja naikumbuka kuliko zote. Sir alikuwa anafundisha habari za matuta, jinsi Waingereza walivyowalazimisha watu wa milima hii kulima matuta. Wewe ukaeleza alivyosimulia bibi yako wa Gare, kwamba mama yake alilima matuta mchana mbele ya msimamizi, na kesho yake akayasawazisha kwa jembe lile lile, kwa kuwa shamba lilikuwa dogo na matuta yalikula nafasi ya mahindi. Ukasema kwa hiyo watu hawakuwa wavivu kama kitabu kinavyodai, walikuwa wamepiga hesabu zao. Sir aliweka chaki chini akageuka, jambo ambalo halifanyi, akasema kwamba hiyo ndiyo Historia, wekeni vema. Sikuwa nimekunong'oneza chochote. Nilikuonea wivu, nikaiweka kwangu. Baada ya hapo nyingine tano zilikuwa rahisi.

Vema sita ni alama tatu. Thelathini na nane ukijumlisha tatu ni arobaini na moja. Usingerudia darasa. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi na jibu halibadiliki.

Juzi Jumatano nilikwenda kwa Sir Stephano, pale anapokaa Lushoto. Nilimwamkia shikamoo, nikamwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni, kwa sababu nilijua nikikaa nitanyamaza. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza kwa nini sikunyoosha mkono tangu mwanzo, nikaangalia kizingiti. Akaniuliza kama ile hoja ya matuta nayo niliinong'oneza mimi, nikamwambia hapana, ni ya Modesta mwenyewe. Akasema naye alikosa, alimpa mtoto kalamu halafu hakugeuka kutazama anaandika nini. Ripoti ya mwaka ule haiwezi kufunguliwa tena. Amesema Jumapili atamfuata baba yako kanisani na kumwomba radhi, hata kama hatapewa mkono. Kamusi nilimrudishia. Aliipokea.

Sikuandiki ili unisamehe haraka. Nakuandikia kwa sababu Januari iko karibu, na nisingependa uamue kwa kutegemea daftari nililolichafua mimi. Andikisha tahasusi yenye Historia, au usiandikishe, lakini ujue kwamba hukuwa mdomo tu. Baba yako akitaka barua hii isomwe mbele ya watu, isome.

Msalimie shangazi yako, mwambie shikamoo. Mama anakusalimu sana na anauliza utakuja lini kula makande yake. Hajui bado. Nitamwambia nikishamkabidhi Bi Rukia bahasha hii. Kaka Hashimu anakusalimu pia.

Jumamosi ya wiki ijayo nitapanda gari moja na Bi Rukia kuja Magoma. Nitasimama nje ya nyumba yenu mpaka uniambie niingie au niondoke. Ukiwa na la kuniuliza, niulize hata kama shangazi yako na majirani wapo. Safari hii nitajibu.

Ni mimi,
Mwanahamisi Idrisa